Chupa Zilizonukia Udi

Chupa tatu za Mwalimu Mwinyijuma zilinukia udi.

Asheri, dresa msaidizi wa maabara, aliisogeza moja puani akacheka. "Mkojo gani huu? Unakwenda harusini?"

"Acha utani," alisema Dorkasi, huku akiandika namba kumi na saba ubavuni mwa kila chupa. "Wanawake wa Tongoni hufukiza kila kitu. Nguo, nywele, hata mtungi wa maji."

Alizipanga pamoja na nyingine ndani ya sanduku la mbao, akashindilia pamba zisigongane. Mchana ule sanduku likapanda treni kwenda Nairobi.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Daktari alikuwa ameleta utaratibu mpya, na hakutaka mchezo nao. Mgonjwa akojoe nyumbani asubuhi tatu mfululizo, mkojo wa pili wa siku, si ule uliolala kibofuni. Spiriti mpaka alama ya kwanza ya chupa, mkojo mpaka alama ya pili. Kila chupa iwe sawa na mwenziwe. La sivyo, alisema, chembe za kibofu huharibika njiani, na mpimaji hata akodoe macho namna gani haoni kansa. Aliyeonekana na chembe mbaya angelazwa Septemba, wakati wa ziara ya daktari mkubwa wa kupasua. Vitanda vilikuwa vinne tu.

Dorkasi alikuwa nesi mgeni, Mshambaa mwenye sauti ya chini. Spiriti aliitia yeye, kwa mkono wake.

Mwalimu Mwinyijuma alikuwa amekuja kuchukua chupa zake siku ya Jumatatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Miaka thelathini nafundisha Kurani chuoni, leo mkojo wangu ndio unaokwenda kufanya mtihani?"

"Mwalimu alianza lini kuona damu?"

"Utotoni! Tongoni sote tulikojoa damu. Asiyekojoa damu tulimcheka, tukamwambia hajawa mwanamume. Lakini ile ilikoma. Hii haikomi."

Dorkasi alitaka kumweleza kilichomo ndani ya chupa. Akaiona kofia yake nyeupe, akaiona tasbihi mkononi, akaona haya kuitaja spiriti.

"Kuna dawa kidogo ndani," alisema, akitazama sakafu. "Isimwagike, Mwalimu."

"Haimwagiki. Mke wangu ndiye atakayenihifadhia. Yule akihifadhi kitu, kimehifadhika."

Majibu yalirudi Agosti. Methusela, mkata mkonge, alionekana na chembe mbaya. Akapata kitanda, akapasuliwa, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi shambani kwa miguu yake mwenyewe.

Namba kumi na saba: hakuna chembe mbaya iliyoonekana.

Dorkasi alimsomea Mwalimu karatasi ile mara mbili, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Wiki iliyofuata likaja kapu la machungwa kutoka Tongoni, na ujumbe: "Mwambieni binti yangu nimepasi."

Januari walimleta juu ya kitanda cha kamba, nyuma ya lori. Daktari alimpapasa tumbo, akaondoa mkono polepole. Uvimbe ulikuwa umeshatambaa, na daktari wa kupasua alikuwa ameshaondoka zamani. Mwalimu alikaa wodini siku tisa. Siku ya kumi kitanda chake kilitandikwa shuka nyingine.

Daktari alimwita Dorkasi ofisini.

"Zile chupa zake, ulitia spiriti?"

"Nilitia, Daktari."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na namba? Hukuchanganya na za mtu mwingine?"

Dorkasi alilifungua daftari la namba akalikagua mstari kwa mstari, leo, kesho na keshokutwa, asione kosa. Lakini kila chupa aliyoishika sasa aliisoma namba mara mbili. Mtu alikuwa amekufa, na chupa zake zilipita mikononi mwa Dorkasi kwenda na kurudi.

Siku ya arobaini aliomba ruhusa, akapanda basi kwenda Tongoni.

Bi Mwatumu, mjane wa Mwalimu, alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe za eda. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha mkekani, akamtekea maji mtungini kwa kata.

"Kunywa kwanza. Umetoka na jua."

Dorkasi alikunywa. Maji yalikuwa baridi, yakinukia udi.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema, asithubutu kuinua uso. "Nadhani nilikosea kwenye zile chupa. Sijui wapi, lakini nilikosea."

"Wewe? Hukukosa kitu, mwanangu. Marehemu alikutaja mpaka mwisho. Aliyekosa mwengine." Bi Mwatumu alitazama mlangoni, kisha akamsogelea mpaka magoti yao yakagusana. "Sijamwambia mtu jambo hili. Alipokuja nazo, nilifungua moja nikainusa. Pombe! Yeye maskini kaambiwa dawa. Kuna mtu hapo hospitali alitaka kumfedhehesha, mwalimu wa chuo, mzee wa watu! Basi nikazimwaga zote tatu, nikazikosha mara saba, nikajaza maji safi kipimo kile kile, asijue, asiumie moyo. Na hakujua mpaka anaingia kaburini."

Akaitazama kata mkononi mwa Dorkasi, akatabasamu.

"Maliza, mwanangu. Ni ya mtungi huo huo."