Manyoya ya Tumboni

Fundi Shomari alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka mafungu mawili ya manyoya ya nyegere. La mgongoni lilikuwa gumu, la kusugulia ndevu nene. La tumboni liliteleza vidoleni kama unga.

"Brashi ya kunyolea ya nani?"

"Ya kaka yangu," alijibu Kitwana. "Anaoa Ijumaa."

"Usoni ana kovu? Kovu halitaki manyoya magumu, linawaka."

"Hana," Kitwana alisema upesi.

Fundi akachukua fungu la mgongoni, akaanza kulifunga uzi. Kitwana aliutazama uzi ukizunguka. Akaiona brashi ikipita kwenye shavu la kaka yake asubuhi ya harusi, na kaka yake, kama kawaida yake, akivumilia bila kusema neno.

"Subiri, fundi. Analo. Shavu la kushoto."

"Alianguka?"

Nyumbani kwao ndivyo walivyowaambia watu miaka yote, na kaka yake hakuwahi kukanusha.

"Hakuanguka," alisema Kitwana, akiuangalia mkono wake wa kulia. "Ni mimi."

Fundi aliufungua uzi taratibu, kisha akamsogezea fungu la tumboni.

"Nionyeshe kovu lilivyopita, nijue pa kuyakata manyoya."

Kitwana akafumba macho. Akaliweka fungu chini ya sikio lake mwenyewe la kushoto, akalivuta polepole shavuni, bila kubahatisha, hadi pembeni mwa mdomo. Hapo kovu liliishia, na mkono ukasimama, ukakataa kushuka.