Mlio Ng'ambo ya Bonde

Mtafiti alibonyeza kinasa sauti, na mlio wa ndege aliyepotea miaka mingi ukatanda msituni. Ndege huyo alikuwa wa mwisho katika ukoo wake wa kale.

Ng'ambo ya bonde, mlio ukajibu.

Akabonyeza tena. Ukajibu tena. Jasho la kidole gumba lilikuwa limelowesha kitufe.

Kisha simu ya upepo ikakwaruza. Alikuwa mwalimu wake mzee, aliyekuwa akimtafuta ndege huyohuyo ng'ambo ile ya bonde kwa kinasa chake.

"Binti yangu, ndege yu hai! Kila nikimpigia mlio wake, ananijibu! Wako wapi waliotuita vichaa?"

Mtafiti akaelewa ni nani waliokuwa wakijibizana. Akaondoa kidole.

"Mbona amenyamaza? Umemtisha?"

"Nisamehe, mwalimu," alijibu. "Nimekanyaga kijiti kikavu."