Maoni ya Mama Honorine

Honorine alizichana karatasi tatu za mwisho za kile kitabu, akazikunja, akazisukumiza motoni chini ya sufuria ya pondu, ile mboga ya majani ya muhogo. Alichuchumaa akizitazama mpaka zikawa majivu, kisha akayavuruga majivu yenyewe kwa kijiti.

Ujinga mtupu, na yeye alijua. Kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa mali ya Cercle, ile klabu ya makarani na walimu wa Kisangani waliokutana Jumapili baada ya misa kunywa limonadi na kumsikiliza mmoja wao akitoa maoni juu ya kitabu alichosoma. Mwaka ule wa 1956 waliamua kwamba wake zao nao waseme, na Jumapili iliyokuwa inakuja zamu ilikuwa yake. Mumewe, Eugène, ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la vitabu, na ndiye aliyekileta nyumbani. Alikiweka mezani, akamwambia akisome vizuri mpaka mwisho, maana yeye kazi ya bandarini haimpi nafasi ya riwaya.

Loo, kitabu gani kile! Kilikwenda kwa zama mbili, sura moja ya zamani, sura moja ya sasa. Zamani, katika jumba la mawe huko Ulaya, kando ya mto, mke wa mwenye nyumba anakufa maji, na bwana anaoa tena. Sasa, miaka mingi baadaye, mjukuu anavunja kufuli la chumba ambacho hakijafunguliwa tangu msiba ule, na anaanza kuuliza: yule bibi aliteleza, au alisukumwa? Honorine alikisoma mchana kweupe, lakini kila sura alisimama kwenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Maana nyumba yao nayo ilikuwa na marehemu wake. Florentine, dada yake Honorine, ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa Eugène. Walikuwa watoto wa Wagenia, wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto, ambako baba yao alitega samaki. Siku moja wote watatu walikwenda kumsalimu mzee. Florentine akateleza kwenye mawe, maji yakamchukua. Watu walipofika mbio walimkuta Honorine anapiga mayowe na Eugène amelowa mpaka shingoni. Matanga yalipokwisha, wazee walifanya kama desturi yao inavyotaka: mahari haikurudishwa, mdogo mtu akapewa nafasi ya dada yake. Honorine hakukataa. Hakuna aliyeuliza lolote.

Tangu hapo Eugène alikuwa mtu wa maneno machache. Sanduku la bati la Florentine lilikaa chini ya kitanda, limefungwa, na ufunguo alitembea nao mfukoni. Mara nyingine, wakati wa kula, Honorine aliinua macho akamkuta anamtazama tu, chakula kinapoa. Alimwogopa. Aliogopa kubaki naye peke yake, na tangu kitabu kile kiingie nyumbani aliogopa zaidi kila alipomwona anakishika, anakipindua, anakirudisha mezani. Akiufikia ule mwisho, alijiambia, mimi nimekwisha. Ndiyo maana akauchoma.

Jumapili ikafika. Honorine alisimama mbele ya watu, kitambaa cha kichwa kimemkaza, akasema kitabu ni kibaya. Alisema kinarukaruka hata msomaji hajui yuko na wazima au yuko na wafu. Kina giza mno, kinatia watu wasiwasi ndani ya nyumba zao, na kwa maoni yake afadhali kirudi kabatini kisisomwe tena na mtu. Wanaume walitikisa vichwa kwa adabu, na mmoja akaanza kupiga makofi. Alidhani yamekwisha.

Lakini Micheline, mke wa président wa Cercle, alikuwa amenogewa.

"Bon, mama Honorine," akasema, "tuambie basi. Nani aliua ule bibi?"

Honorine aliuangalia mlango, ulikuwa mbali. Akamwangalia Eugène, aliyekaa safu ya mbele na kofia yake magotini, ametulia kama mtu anayengoja kivuko.

"Ni bwana yake," akasema Honorine. "Bwana yake mwenyewe ndiye alimusukuma."

Wengi ukumbini walikuwa wamekaa kwenye matanga ya Florentine, na shingo ziligeuka moja moja kumtazama Eugène. Micheline aliweka glasi yake chini. Honorine alijishika kwenye kiti, akawaza kwamba basi, limeshasemwa, na limesemwa mbele ya watu.

Eugène aliinuka polepole. Wala hakukasirika. Alimwomba radhi président, akasema mkewe ana woga mwingi siku hizi na woga humchanganya mtu. Kisha akamwendea, akamshika mkono kwa upole kabisa, akamtazama usoni kama alivyomtazama mezani siku zote zile.

"Ile kitabu niliisoma mara mbili, kisha ndiyo nikakuchagulia," akasema, na wote walimsikia. "Ule bwana aliruka mu maji kumutafuta bibi yake. Mwenye kumusukuma ni mudogo wa marehemu, ule mwenye bwana alikuja kuoa nyuma ya matanga."