Nyanya Iliyorudi

Mlimani kule, wakulima humwaga nyanya kwenye matenga, wakazifunika nyasi, basi. Shekiondo, aliyefiwa na mke siku nyingi, alifunga kila nyanya kwa jani kavu la mgomba, polepole, kama anayemvisha mtoto mchanga.

"Mzee, unafunga nyanya au unapamba bibi harusi?" Mbelwa, dereva wa lori, alimtania kila siku ya soko.

Safari moja Mbelwa alirudisha matenga, yote matupu isipokuwa moja. Humo mlikuwa na nyanya moja, bado imo kwenye jani lake.

"Ya mzigo wa soko lililopita," Mbelwa akasema. "Mama Hiza, yule mjane anayekuuzia nyanya zako mjini, aliiweka makusudi. Za wenzako zimeoza. Anataka kuiona mikono iliyoifunga hii."

Shekiondo akalifungua jani. Nyanya ilikuwa ngumu, inang'aa. Akacheka peke yake.

Siku ya soko iliyofuata alipanda mwenyewe juu ya matenga, kanzu imenyooka kwa pasi.

"Nikufunge majani na wewe, Mzee, usichubuke njiani?" Mbelwa akamtania.

Lori likaanza kuteremka. Shekiondo alitabasamu tu, viganjani ameshika nyanya moja nyekundu kuliko zote, ambayo hakuifunga.