Injini Isiyo na Mdomo

Siku hizi injini yoyote ya hadithini ikionekana inaweza kufanya kazi, huundwa na kuletwa nyumbani kwa aliyeibuni, akae nayo, na kuizima ni marufuku. Ndiyo maana Siwatu, anayechora ndege za hadithi za watoto, huweka kasoro moja kwa makusudi katika kila mchoro. Miaka tisa alikuwa hajaletewa hata boliti.

Alhamisi moja asubuhi mafundi wa serikali walimletea injini ya jeti yenye ukubwa wa pipa. Wakaifunga kwa minyororo jikoni, mahali pa friji, wakaiwasha, wakaenda zao.

"Mama Nuru," mumewe Shomari alisema, ameikumbatia sufuria ya uji isipeperuke, "hii hukuiharibu?"

"Niliiharibu, Baba Nuru. Sikuichorea mdomo wa kuvutia hewa. Mbele nimeiziba kabisa."

Shomari akazunguka kuangalia. Kweli, mbele palikuwa na bati zima lisilo na tundu. Nyuma upepo wa moto ulitoka kwa kishindo, umeshababua rangi ya mlango.

Siwatu aliukagua mchoro wake mara mbili, kisha akalipapasa lile bati kwa kiganja. Hakuelewa. Pazia lililokuwa karibu nalo lilining'inia tuli. Alikuwa akihema tangu injini iwashwe, akadhani ni wasiwasi.

"Sasa hewa yote hii inaivuta wapi?" Shomari akauliza.

Siwatu akafungua kinywa amjibu, pumzi yake ikavutwa yote, na injini ikanguruma zaidi.