Mnunuzi wa Redio

Tangu ahame mtaa na familia yake kumkimbia mkopeshaji, fundi bomba aliishi roho mkononi. Mlango ukigongwa, alichungulia kwanza dirishani.

Mchana ule alizipanga mezani redio zake za zamani, alizozikusanya kwa mapenzi tu.

"Nimezitangaza mtandaoni," alimwambia mkewe. "Mnunuzi mmoja nimeshamwelekeza nyumba. Ila hii ya mbao ya marehemu babu siiuzi."

"Baba Pacha, tumefika pabaya. Uza na hiyo."

Fundi alizungusha kitufe cha redio ile, kile kilicholainika kwa vidole vya babu. Kikalia *tki*, kama zamani. Kisha akaisogeza pamoja na zile nyingine.

Mlango ukagongwa. Akaufungua upesi, asije akaghairi.

Aliyesimama pale alikuwa mkopeshaji mwenyewe, simu mkononi, lile tangazo likiwaka kwenye kioo.

"Hujambo, fundi? Umenielekeza vizuri, sikupotea hata kidogo."

Akaingia bila kukaribishwa. Redio hakuzitupia hata jicho. Alikuwa akivitazama viatu vidogo vya pacha, vilivyopangwa kando ya mlango wa chumbani.

"Wamekua?" aliuliza.

Mke wa fundi alikwisha kujibanza kwenye mlango ule, mikono ameitanua.