Mapapai ya Popo

Bonde la Mkondoa lilikuwa na sheria moja: popo wakihama, watu nao wahame siku hiyohiyo, wapande mlimani kabla joto la kuua halijaingia. Mashine za kupima hewa zilishawadanganya mara nyingi. Popo, kamwe.

Mwaka huo Bi Semeni hakutaka popo waondoke. Binti yake Siwema alikuwa na mimba ya miezi tisa, na mlimani ni mwendo wa miguu, siku mbili. Basi kila jioni akatundika mapapai mabivu kwenye mkuyu wao. Popo wakala, wakanenepa, wakabaki.

"Wageni wako wamenogewa mwaka huu, shoga," jirani yake Bi Pili akamtania.

"Waache wale."

Siwema akajifungua salama. Watu wakaja na uji na vigelegele. Hakuna aliyefunga mzigo, maana popo walikuwepo.

Asubuhi ya tatu Bi Semeni alikuwa akianika nepi. Ya kwanza ilikauka kabla hajaifikia ya mwisho. Nyuma yake popo akaanguka kutoka mkuyuni, amekufa. Kisha wa pili.

Akakimbilia ndani. "Mwanangu, mbebe mtoto, twende."

"Kwani popo wameondoka, mama?"